Mauzo, Faida au Keshi: Namba Ipi Ifuatwe Kwanza Katika Biashara Ndogo

Mwezi ambao karakana yangu ya uchapishaji iliuza kuliko mwezi mwingine wowote ndio mwezi nilioshindwa kununua karatasi. Daftari la mauzo lilisomeka 14,200. Kisanduku cha fedha kilikuwa na 310. Kazi zilikuwa zimeshachukuliwa, mabango mengine yameshabandikwa na kupigwa mvua, lakini fedha zake zilikuwa bado ahadi: "mwisho wa mwezi", "Jumatatu", "bosi akirudi". Daftari nilikuwa nalo, tena safi. Ila lilijibu swali moja tu, nimeuza kiasi gani, na swali lililokuwa linanikaba asubuhi ile lilikuwa jingine kabisa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali inaweza pia kupotea daftari likiwa mkononi, kama kilichoandikwa humo si kile unachopaswa kukijua. Kwa hiyo hapa nitaziweka namba mbilimbili: ile inayopendwa na wengi kando ya ile inayosema kinachofichwa na mwenzake. Msimamo wangu nautaja mapema. Fedha za biashara ndogo huwa na mahali zinapokwama kuliko pengine: kwenye bei, stoo, kwa wadaiwa, au kwenye saa za kazi zisizolipwa. Namba ya kufuata kwanza ni ile inayoonyesha mahali hapo. Hesabu zote nimeziacha bila jina la sarafu, weka ya kwako.

Mauzo dhidi ya faida ghafi

Mauzo ni rahisi. Jioni unajumlisha, unaandika, unafunga. Hayana ubishi, na ukiyalinganisha na ya mwezi kama huu mwaka jana (si ya mwezi uliopita, maana misimu hudanganya) yatakuambia kama watu bado wanakuja.

Faida ghafi inadai kazi kidogo zaidi. Ni mauzo ukitoa gharama ya moja kwa moja ya kile ulichouza: bei ya kununulia, malighafi, usafiri wa kukifikisha kwako, ujira wa aliyelipwa kwa kazi ile hasa. Kodi ya pango, mlinzi na umeme wa ofisi havimo.

Tofauti ya hizi mbili huonekana vizuri kwenye punguzo la bei. Chukua kitu unachouza 100, kilichokugharimu 70. Unauza vitu 200 kwa mwezi. Mauzo ni 20,000 na faida ghafi ni 6,000. Sasa punguza bei kwa asilimia 10 ili watu waje. Bei ni 90, gharama imebaki 70, faida kwa kila kimoja imeshuka kutoka 30 hadi 20. Bei imepungua kwa asilimia 10, faida imepungua kwa theluthi nzima. Watu wanakuja kweli, unauza vitu 260. Anayefuata mauzo anaona 23,400, ongezeko la asilimia 17, na anafurahi. Anayefuata faida ghafi anaona 5,200. Umenunua zaidi, umebeba zaidi, umesimama kaunta muda mrefu zaidi, na una pungufu ya 800. Ili urudi pale ulipokuwa ungehitaji kuuza vitu 300, yaani mara moja na nusu ya zamani.

Sasa igeuze. Pandisha bei kwa asilimia 10, iwe 110. Faida kwa kila kimoja ni 40. Hata ukipoteza robo ya mauzo ukabaki na vitu 150, faida ghafi ni 6,000 ile ile, na kazi imepungua. Sisemi kila mtu apandishe bei kesho. Nasema uamuzi wa bei haufanywi kwa kutazama mauzo.

Mauzo yanatosha kama namba kuu kwa mtu ambaye bei hapangi yeye na faida yake kwa kila kitu ni ile ile, kwa mfano anayeuza kwa kamisheni isiyobadilika. Wengine wote nawashauri waanze na faida ghafi.

Kabla sijaondoka hapa kuna mtego mmoja. Mtu ananunua kwa 100, anauza 125, anasema anapata asilimia 25. Ni asilimia 25 juu ya gharama, lakini juu ya bei ya kuuza ni 20. Nyongeza ya asilimia 50 juu ya gharama ni faida ya 33 kwa kila 100 unayouza, na nyongeza ya asilimia 100 ni faida ya 50. Nimeona watu wakitangaza punguzo la asilimia 25 wakiamini wanarudisha faida tu na hawapotezi kitu. Toa asilimia 25 ya 125: unabaki na 93.75, chini ya ulivyonunua. Kwa hiyo chagua asilimia moja, ile ya juu ya bei ya kuuza, na uitumie hiyo kila mahali, maana ndiyo itakayoingia kwenye hesabu nyingine utakazozikuta huko mbele.

Faida halisi dhidi ya keshi

Hapa ndipo biashara nyingi zenye afya huugua ghafla, na ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Faida halisi ni kinachobaki baada ya gharama zote kutoka, za moja kwa moja na za kudumu kama pango na mlinzi. Keshi ni fedha ulizonazo mkononi, kwenye simu na benki, ambazo unaweza kulipa nazo leo. Watu huzichukulia kama kitu kimoja kilichotazamwa mara mbili. Sivyo. Faida huandikwa siku ulipotoa bidhaa au huduma, keshi huhesabiwa siku fedha zilipoingia au kutoka. Kati ya siku hizo mbili mambo mengi hupita.

Ukitoa mali kauli, yaani kwa mkopo, faida imeandikwa na keshi haijaja. Ukinunua stoku ya miezi mitatu, keshi imetoka lakini faida haijaguswa, kwa sababu bidhaa haijauzwa. Ukinunua mashine ya 4,800, keshi yote inaondoka siku moja, ila kwenye hesabu ya faida gharama yake inasambazwa kwa miaka itakayofanya kazi. Ukirejesha mkopo kwa 500 kila mwezi, na kati ya hizo 400 ni deni lenyewe na 100 ni riba, ni ile 100 tu inayopunguza faida, na 500 nzima imetoka mfukoni. Hali kadhalika kinyume chake: mteja akikulipa nusu kabla ya kazi, keshi imeingia na faida bado. Kodi ya ongezeko la thamani uliyokusanya kwa wateja inakaa kwenye akaunti yako ikionekana kama fedha zako, ilhali ni amana ya serikali, na siku ya kuipeleka haingoji. Ushauri wangu ni uihamishie akaunti ya pembeni wiki ile ile.

Luca Pacioli, mtawa wa Kifransisko aliyechapisha mjini Venice mwaka 1494 maelezo ya uwekaji hesabu wa pande mbili, alipotaja mambo anayohitaji mfanyabiashara alianza na fedha taslimu. Karne tano zimepita na mpangilio huo haujawa na kasoro.

Kuna jambo la upande wa faida ambalo lazima liwekwe sawa kabla ya kuilinganisha na chochote: mshahara wako. Daftari likionyesha faida ya 1,200 kwa mwezi na wewe mwenyewe unafanya kazi kutwa bila kujilipa, jiulize ungemlipa nani kiasi gani kuifanya kazi hiyo. Kama jibu ni 900, biashara inaingiza faida ya 300. Zile 900 ni ujira wako ulioandikwa mahali pasipo pake. Na ukizoea kuchota bila kuandika, kwa chakula leo, kwa ada kesho, hakuna namba itakayokuonya kwamba unakula mtaji.

Ni ipi basi? Kwa biashara changa, au yoyote inayouza kwa mkopo, nafuata keshi kila wiki na faida kila mwezi. Biashara inaweza kupita miezi kadhaa bila faida kama ina fedha za kuivusha. Ikikosa keshi ya mishahara Ijumaa, faida iliyoandikwa kwenye karatasi haimlipi mtu. Lakini usiiache faida ukabaki na keshi peke yake, kwa sababu keshi huweza kupendeza kwa sababu mbaya: hujawalipa wauzaji waliokuletea bidhaa, umekopa, umechukua malipo ya awali ya kazi usizozifanya, au umeuza vifaa.

Namba ya keshi ninayoipenda haina utaalamu. Chukua fedha ulizonazo, gawa kwa matumizi ya wiki ya kawaida. Una 3,600 na biashara inakula 1,500 kwa wiki: zinaweza kukubeba wiki 2 na siku chache bila kuingiza kitu. Wenye subira huongeza makadirio ya wiki 13 mbele, safu moja kwa kila wiki: zinazotarajiwa kuingia, zinazolazimika kutoka, salio. Safu ya kwanza yenye salio chini ya sifuri ndiyo tarehe ya tatizo lako, na umeijua mapema ukiwa bado una nafasi ya kupiga simu.

Hesabu tatu za siku zinazoonyesha keshi inakwama wapi

Keshi inakuambia kuna shida. Haikuambii iko wapi. Kwa hilo kuna hesabu za siku.

Siku za stoo: bidhaa hukaa siku ngapi kabla ya kuuzwa. Siku za wadaiwa: wateja huchukua siku ngapi kulipa. Siku za wauzaji: wewe huchukua siku ngapi kuwalipa waliokuletea. Jumlisha mbili za kwanza, toa ya tatu. Stoo 45, wadaiwa 30, wauzaji 15: fedha yako inatoka mfukoni na kurudi baada ya siku 60. Kama gharama ya bidhaa unazouza ni 200 kwa siku, una takriban 12,000 zilizofungwa humo wakati wote. Biashara ikikua maradufu bila siku hizo kubadilika, zinahitajika 24,000. Ndiyo maana kukua kwa haraka kunaweza kukausha fedha kuliko kudorora, jambo ambalo humchanganya sana anayelipitia mara ya kwanza.

Siku za wadaiwa unazipata kwa kugawa jumla ya madeni ya wateja kwa mauzo ya siku. Kwangu mauzo ya 14,200 kwa mwezi ni kama 473 kwa siku, na nilipoyajumlisha madeni yote yalikuwa 19,900. Siku 42. Karatasi nilikuwa nalipia papo hapo. Kwa maneno mengine nilikuwa nawakopesha wateja wangu mwezi mmoja na nusu bila riba, na hakuna aliyeniomba, nilikuwa natoa mwenyewe kwa kuona haya kudai.

Ukifuata wadaiwa, usitosheke na jumla. Yapange madeni kwa umri: chini ya siku 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, zaidi ya 90. Madeni mawili ya 5,000 hayafanani kama moja ni la wiki hii na jingine limevuka siku 90. Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga, na kadiri siku zinavyopita ndivyo matanga yanavyokuwa mazito. Deni kongwe linahitaji simu leo. Bichi linahitaji ankara iliyotoka kwa wakati, na hapo mara nyingi kosa ni letu: kazi imetoka Jumanne, ankara imetoka baada ya wiki mbili, halafu tunalalamika mteja anachelewa.

Faida nene au mzunguko wa haraka

Mwenye bidhaa nyingi rafuni hujiuliza aweke ipi zaidi. Anayetazama faida ya kila kitu huchagua yenye faida nene. Hebu ziweke kando kwa kando. Bidhaa ya kwanza: unaweka 1,000, unaongeza 600, inauzwa yote mara 2 kwa mwaka. Ya pili: unaweka 1,000, unaongeza 150 tu, inauzwa mara 12. Ya kwanza imekuletea 1,200 kwa mwaka, ya pili 1,800, kutoka kwenye mtaji ule ule wa 1,000. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya DuPont ya Marekani ilijenga upimaji wake wa faida juu ya wazo hili hili: asilimia ya faida izidishwe na kasi ya mzunguko, maana moja bila nyingine ni nusu ya habari.

Ila nina tahadhari moja juu ya bidhaa ya pili. Kuagiza mara 12 ni safari 12, mizigo 12, kupanga na kuhesabu mara 12. Kama kila agizo linakula 60 za usafiri na vibarua ambazo hukuziweka kwenye gharama ya bidhaa, 720 zimeondoka na unabaki na 1,080. Ya kwanza, kwa maagizo 2, inabaki na 1,080 vilevile. Zinalingana kabisa. Kwa hiyo kabla ya kushangilia mzunguko, hakikisha gharama ya kuagiza imeingia mahali pake.

Mzunguko wa duka zima ni gharama ya bidhaa ulizouza kwa mwaka, gawa kwa wastani wa thamani ya stoku, zote kwa bei ya kununulia. Ukiuza bidhaa za gharama ya 24,000 na stoku ikiwa 6,000, ni mara 4, yaani siku 91 kila mzunguko. Wastani huo unaficha mali iliyolala. Pita rafuni na kalamu, weka alama kwenye kila kitu kisichoguswa kwa siku 180. Katika karakana yangu ilikuwa mikasha 9 ya karatasi ya rangi, mizito, kona zimeanza kujikunja, niliyoinunua kwa sababu muuzaji alinipa bei nzuri. Bei ilikuwa nzuri kweli. Mahitaji ndiyo hayakuwepo.

Ukiuza muda

Fundi, mshauri, mwalimu wa masomo ya ziada, mbunifu: stoo yenu ni saa, na saa isiyouzwa leo haiwekwi rafuni ya kesho. Watu wa kazi hizi hufuata bei ya saa, nami nadhani wanapaswa kufuata mapato kwa kila saa waliyofanya kazi, iliyolipwa na isiyolipwa.

Mtu anafanya kazi saa 40 kwa wiki. Saa 22 zinaingia kwenye ankara kwa 30 kila moja, jumla 660. Zilizobaki zimeenda kwenye safari, makadirio ya bure, kurudia kazi iliyokosewa na kufuatilia malipo. Kwa saa 40 hizo amepata 16.50 kwa saa. Akipandisha bei hadi 33, anafika 18.15. Akiacha bei ilivyo akaokoa saa 4 na kuziuza, anafika 19.50. Andika wiki mbili tu, nusu saa kwa nusu saa, na utajua saa zako zinakwenda wapi.

Wateja wapya, wanaorudi, na wastani unaodanganya

Idadi ya wateja wapya hufurahisha na huwa ghali. Umetumia 600 kwenye matangazo, wamekuja 20. Kila mmoja amekugharimu 30. Kama faida ghafi ya ununuzi wake wa kwanza ni 12, umepata hasara ya 18 kwa kila mtu mpaka arudi, na lazima anunue mara 3 ndipo uvuke. Basi namba ya wateja wapya haina maana bila ya wanaorudi kando yake. Kama huna njia ya kujua nani amerudi, anza kwa kuuliza kaunta na kuchora mstari kwenye karatasi kwa kila jibu. Inatosha.

Kuhusu wastani wa manunuzi: wateja 10, tisa wamenunua kwa 20 na mmoja kwa 820. Wastani ni 100, na hakuna hata mmoja aliyenunua kwa 100. Tazama mteja wa katikati, anayenunua kwa 20, na utazame sehemu ya mauzo inayoshikwa na mteja mkubwa zaidi. Hapa ni asilimia 82. Hiyo nahesabu ni hatari inayostahili kuandikwa kwa kalamu nyekundu.

Kuna pia alama ya kuridhika iliyoenezwa na mshauri wa biashara Fred Reichheld tangu mwaka 2003: unauliza mtu, kwa kipimo cha 0 hadi 10, kama angekupendekeza kwa mwenzake, kisha unatoa asilimia ya waliosema 0 hadi 6 kwenye asilimia ya waliosema 9 au 10. Kwa kampuni yenye maelfu ya majibu ina kazi. Kwa majibu 12, mtu mmoja akihama kutoka 9 hadi 6 alama inaporomoka karibu 17. Mwenye wateja wachache azungumze nao tu.

Namba ya kubandika ukutani

Kama ningeruhusiwa namba moja kwa mwenye duka, ningechukua mauzo ya kurudisha gharama: kiwango ambacho chini yake unapata hasara na juu yake unaanza kupata. Chukua gharama za kudumu za mwezi, mshahara wako ukiwemo, gawa kwa asilimia ya faida ghafi. Gharama 6,000, faida ghafi asilimia 30: unahitaji mauzo ya 20,000 kwa mwezi. Kwa siku 25 za kazi, ni 800 kwa siku.

Naipenda kwa sababu inaifanya namba rahisi, mauzo ya leo, iwe na maana bila kusubiri mwisho wa mwezi. Biashara asubuhi, jioni mahesabu, na hesabu ya jioni sasa ina kitu cha kulinganishwa nacho. Rudi pia kwenye lile punguzo la asilimia 10. Faida ghafi inakuwa 20 kwa kila 90, yaani asilimia 22.2, na kiwango kinapanda hadi 27,000, au 1,080 kwa siku. Kuiona hiyo kabla ya kutangaza punguzo kuna thamani kubwa.

Haifai peke yake kwa anayeuza kwa mkopo. Unaweza kuvuka 800 kila siku na usiwe na fedha za karatasi, najua.

Kando kwa kando

| Namba | Inajibu nini | Inaficha nini | Mara ngapi |
|---|---|---|---|
| Mauzo | Watu wanakuja? | Bei mbaya, madeni | Kila siku |
| Mauzo ya kurudisha gharama | Leo nimejilipa? | Fedha zilizo kwa wadaiwa | Hesabu upya bei au gharama ikibadilika |
| Wiki za keshi | Nitafika hadi lini bila msaada? | Chanzo cha fedha zilizopo | Kila wiki |
| Siku za wadaiwa | Wateja hukaa na fedha zangu siku ngapi? | Umri wa kila deni | Kila wiki |
| Faida ghafi kwa asilimia | Bei yangu ni sahihi? | Gharama za kudumu | Kila mwezi |
| Mzunguko wa stoku | Mtaji unazunguka kwa kasi gani? | Gharama ya kuagiza | Kila miezi 3 |
| Faida halisi | Kazi hii inalipa? | Keshi | Kila mwezi |

Usizichukue zote. Wataalamu wa usimamizi Robert Kaplan na David Norton walipendekeza mwaka 1992 kwamba shirika lipimwe kwa pande nne, yaani fedha, wateja, taratibu za ndani, na ubunifu na kujifunza, na kwa shirika kubwa hilo ni jambo la busara. Katika biashara ndogo, mtu anayefungua, anayeuza, anayefagia na anayefunga ni yule yule. Namba tatu zinamtosha.

Muuzaji wa rejareja kwa fedha taslimu achukue mauzo ya kurudisha gharama, faida ghafi na mzunguko. Anayeuza kwa mkopo, awe wa jumla au wa kazi za mikataba, aanze na siku za wadaiwa na wiki za keshi, kisha faida ghafi kwa kila kazi. Wa huduma afuate mapato kwa saa, wadaiwa na sehemu ya mteja mkubwa. Biashara isiyofikisha mwaka: keshi, keshi, halafu faida ghafi.

Ukiwa na wafanyakazi, chunga unavyoitumia namba. Mchumi wa Uingereza Charles Goodhart alionya mwaka 1975, akizungumzia sera za fedha, kwamba kipimo kinachotumika kudhibiti hulegea, yaani hakiaminiki tena. Mpe muuzaji zawadi kwa mauzo, naye atatoa punguzo na mkopo kwa kila apitaye. Mpe zawadi kwa fedha zilizokusanywa, mambo hubadilika siku hiyo hiyo.

Kuhusu chombo, sina mengi. Daftari linatosha namba tatu. Lahajedwali inasaidia madeni yakizidi 20 hivi, kwa sababu inayapanga kwa umri yenyewe. Programu ya kaunta ina faida kama bidhaa ni mamia, na ni hasara tupu kama anayeuza anasahau kuingiza. Ninachosisitiza ni saa maalumu: yangu ni Ijumaa saa 10 jioni, mlango ukiwa nusu wazi, dakika 25.

Nilichofanya baada ya mwezi ule wa 14,200 kilikuwa kidogo. Nilianza kuchukua nusu ya malipo kabla ya kuwasha mashine, na kutoa ankara kabla mteja hajaondoka na kazi yake. Wateja wawili walikasirika, mmoja hakurudi. Mauzo ya miezi iliyofuata yalishuka kidogo chini ya 14,000. Wadaiwa walitoka siku 42 hadi 17, na ile karatasi ya rangi niliiuza kwa hasara kwa mtu wa kutengeneza mapambo, fedha zake nikanunulia karatasi nyeupe.